Maswali ya wasomaji: Umri wa nyota husomwaje katika mwanga wa galaksi?

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu galaksi ya Andromeda, tukasema kwamba nyota nyingi za sehemu yake ya katikati ni za kale sana, ilhali galaksi ndogo iliyo jirani yake, iitwayo M32, ina nyota nyingi za umri wa kati. Wasomaji kadhaa wametuandikia wakitaka kujua madai hayo yanatoka wapi. Tunajibu barua tatu, na ya kwanza tunaijibu kwa urefu kwa sababu zile nyingine zinaitegemea.

*Bwana Mhariri, ninafanya kazi katika maabara ya madini hapa Lubumbashi. Mawe yakifika tunayasaga, tunayayeyusha kwa asidi, kisha mashine inaunyunyiza mchanganyiko huo ndani ya gesi ya argoni yenye joto kali mno, nasi tunasoma katika mwanga wake kiasi cha shaba na kobalti. Hilo ninaliamini, kwa sababu sampuli iko mkononi mwangu na nikiitilia shaka ninaipima upya. Lakini Andromeda hakuna aliyeifikia, na mwanga wa nyota zake hutufikia ukiwa umechanganyika. Mtu anawezaje kusema kwamba nyota zile zina miaka bilioni kumi? Huko si kubahatisha?* (Msomaji wa Kampemba)

Ndugu yetu, kazi unayoifanya ndiyo mlango mzuri wa kuingilia jambo hili. Mashine yako haioni shaba yenyewe, bali huona mwanga wa shaba, kwa mfano ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita 324.8, na hakuna elementi nyingine inayotoa mistari yote ya shaba kwa mpangilio uleule. Sababu iko ndani ya atomu: elektroni zake huweza kukaa katika ngazi fulani tu za nishati, na kila elektroni inaposhuka kutoka ngazi moja hadi nyingine hutoa mwanga wa urefu mmoja maalumu wa wimbi. Hakuna elementi mbili zenye ngazi zinazofanana, wala ngazi hizo hazibadiliki eti kwa kuwa atomu moja imechimbwa Kolwezi na nyingine inaelea katika Andromeda.

Katika nyota, tofauti ni kwamba tunasoma mwanga uliopungua badala ya mwanga ulioongezeka. Mwanga unaotoka katika tabaka za ndani zenye joto zaidi hupita katika gesi ya juu iliyopoa kidogo, na atomu za gesi hiyo humeza mawimbi yaleyale ambayo zingeyatoa ndani ya mashine yako. Kwa hiyo mwanga wa nyota ukipitishwa katika spektrografu na kutandazwa kuanzia urujuani hadi nyekundu, huonekana umekatwa na mistari myeusi. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer alihesabu zaidi ya mistari 500 ya aina hiyo katika mwanga wa Jua, bila kujua chanzo chake. Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, waliokuwa Heidelberg, ndio walioonyesha kuanzia mwaka 1859 kwamba mistari hiyo ni alama za elementi, na kwamba jozi iliyo katika rangi ya njano, karibu na nanomita 589, ni ya sodiamu, ileile iliyomo katika chumvi ya kupikia. Tangu hapo mtu hakuhitaji tena kuishika nyota ili ajue imeundwa kwa vitu gani.

Kuna onyo moja ambalo wewe utalielewa upesi kuliko wasomaji wengine. Mstari uliokolea haumaanishi moja kwa moja kwamba elementi hiyo ni nyingi. Katika mwanga wa Jua mistari ya kalsiamu imekolea sana, na kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba Jua limeundwa kwa mchanganyiko unaofanana na ule wa Dunia. Cecilia Payne, katika tasnifu yake ya mwaka 1925, alionyesha kwamba kukolea kwa mistari hutawaliwa kwanza na joto la uso wa nyota, na kwamba joto hilo likihesabiwa vizuri, nyota zote hukutwa zimejaa hidrojeni, ikifuatwa na heliamu. Mistari ya hidrojeni inayoonekana kwa macho hukolea kuliko popote katika nyota zenye joto la karibu kelvini 9,000 au 10,000, hufifia katika nyota zenye joto kali kuliko hilo, na hufifia pia katika nyota baridi. Jambo hili moja ndilo linalobeba sehemu kubwa ya yote yanayofuata.

Sasa tuje kwenye umri, ambako shaka yako ina msingi. Hakuna mstari wa umri. Ukiikagua spektra ya Andromeda, yaani mwanga wake uliotandazwa hivyo kwa rangi, kutoka mwanzo hadi mwisho hutakuta alama ya miaka bilioni kumi. Umri hukadiriwa kwa kuuliza ni nyota za aina gani ambazo bado zinawaka. Nyota yenye tungamo kubwa huanza na hidrojeni nyingi lakini huitumia kwa pupa. Ile yenye tungamo mara 10 ya Jua huishi miaka milioni ishirini na kitu, Jua letu litaishi takriban miaka bilioni 10, na nyota yenye nusu ya tungamo ya Jua itadumu muda mrefu kuliko umri wote wa ulimwengu, ambao ni miaka bilioni 13.8. Basi chukua kundi la nyota zilizozaliwa pamoja, ulifuatilie. Katika miaka milioni chache ya mwanzo mwanga wake wote hutawaliwa na nyota za buluu zenye joto la makumi ya maelfu ya kelvini. Miaka bilioni moja ikipita, hizo zimekwisha kufa zamani, na miongoni mwa nyota ambazo bado zinachoma hidrojeni katika kiini chao, zinazong'aa zaidi ni zile zenye tungamo karibu mara mbili ya Jua. Hapo mistari ya hidrojeni imekolea sana. Miaka bilioni 10 ikipita, mwanga mwingi hutoka kwa majitu mekundu, nyota zilizovimba mwishoni mwa maisha yao na kupoa hadi kelvini 4,000 hivi, ambamo hidrojeni imefifia na mistari ya chuma, magnesiamu na kalsiamu imejaa kila mahali.

Galaksi ni jumla ya makundi mengi kama hilo, yaliyozaliwa nyakati mbalimbali. Mtaalamu hukusanya spektra za nyota zilizo karibu nasi, ambazo joto na viambato vyake vimepimwa moja moja; mkusanyo mmoja unaotumiwa sana, uitwao MILES, una nyota 985. Kwa nadharia ya maisha ya nyota huzichanganya spektra hizo ili zifanane na kundi la miaka bilioni 1, la bilioni 3, la bilioni 10, lenye elementi nzito nyingi au chache, kisha kompyuta hutafuta ni mchanganyiko upi wa makundi hayo unaozaa spektra iliyopimwa. Hapo utaitambua kazi yako: hizo nyota 985 ni sampuli zake za kulinganishia, kama zile mnazopitisha kwenye mashine kabla ya kuanza kupima. Udhaifu nao ni uleule mnaoujua. Nyota nyingi za kulinganishia zimetoka katika ujirani wa Jua, kwa hiyo galaksi ambayo nyota zake zina uwiano mwingine wa elementi hupimwa kwa mizani isiyolingana nayo kikamilifu, na marekebisho yake hufanywa kwa hesabu.

Kabla ya kulinganisha, lazima mistari irudishwe mahali pake. Vesto Slipher aligundua mwaka 1912 kwamba mistari ya Andromeda imesogea kuelekea upande wa buluu, kwa sababu galaksi hiyo inatujia kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa sekunde. Zaidi ya hayo, nyota ndani ya galaksi hukimbia pande zote, hivyo kila mstari hupanuka na kutandaa, na mistari iliyokaribiana huungana. Upana huo wenyewe hutumika kukadiria tungamo ya galaksi, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Je, haya yote yamewahi kuhakikiwa? Yamehakikiwa, na ndiyo sababu galaksi za jirani zina thamani kuliko maelfu ya zile za mbali. Kwa galaksi ya mbali tunao mwanga uliochanganyika tu. Kwa galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni mbili na nusu, kama Andromeda na jirani yake M32, darubini ya angani ya Hubble inaweza kutenganisha nyota nyingi moja moja, kupima rangi na mng'ao wa kila moja, na hivyo kuujua umri wao kwa njia isiyohitaji spektra ya mchanganyiko. Mwaka 1980 Robert O'Connell aliuchambua mwanga uliochanganyika wa M32 akahitimisha kwamba galaksi hiyo iliendelea kuzaa nyota hadi miaka bilioni 5 hivi iliyopita. Si wote waliokubali, kwa maana ilizoeleka kwamba galaksi za umbo la yai, zisizo na gesi, ni za kale kabisa, na ubishi uliendelea kwa miaka mingi. Hatimaye picha za Hubble za sehemu ya nje ya M32, kwa kuwa kitovu chake kimesongamana mno, zilionyesha kundi kubwa la nyota zenye umri wa kati ya miaka bilioni 2 na 5, pamoja na jingine la nyota za kale zaidi. Njia mbili zisizotegemeana zilikutana, na ukubali kwamba kubahatisha hakuzai matokeo ya namna hiyo. Hata hivyo, kwa nyota za kale kabisa usahihi hupungua: spektra ya kundi la miaka bilioni 8 na ile ya kundi la miaka bilioni 12 hufanana kiasi kwamba tofauti yake humezwa kwa urahisi na makosa madogo ya upimaji.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa fizikia. Tulifundishwa kwamba galaksi nyekundu ina nyota za kale na ya buluu ina nyota changa. Kama rangi inatosha, kwa nini watu wagharamie spektrografu?* (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Kijana wetu, ulichofundishwa kina historia ya heshima. Mwaka 1944 Walter Baade, akitumia darubini yenye kioo cha mita 2.5 juu ya mlima Wilson huko Kalifornia, wakati taa za Los Angeles zilipofifishwa kwa sababu ya vita, alifaulu kuzitenganisha nyota za katikati ya Andromeda, za M32 na za NGC 205, galaksi nyingine ndogo iliyo jirani. Akaona kwamba nyota zinazong'aa zaidi huko ni nyekundu, ilhali katika mikono ya Andromeda ni za buluu, akazigawa nyota katika jamii mbili. Mgawanyo huo uliifungua njia nzima ya utafiti tunaouzungumzia.

Lakini rangi peke yake hudanganya, kwa sababu vitu viwili tofauti huleta wekundu uleule. Umri ni kimoja. Cha pili ni wingi wa elementi nzito, yaani zote zinazopita heliamu kwa uzito: zikiwa nyingi, uso wa nyota huwa baridi zaidi, majitu yake huwa mekundu zaidi, na mistari mingi ya chuma hunyonya mwanga wa buluu. Guy Worthey alilipima jambo hili mwaka 1994, akaonyesha kwamba kwa rangi nyingi na mistari mingi, kuuzidisha umri mara tatu huleta badiliko karibu sawa na kuzizidisha elementi nzito mara mbili. Ukipewa rangi tu, huwezi kutofautisha galaksi ya miaka bilioni 4 yenye elementi nzito nyingi na ya miaka bilioni 12 yenye nusu yake. Vumbi nalo huongeza wekundu wa galaksi, na hilo halihusiani na nyota hata kidogo.

Spektra hukupa mashahidi wengi badala ya mmoja, nao hawakubaliani katika kila jambo. Mstari wa hidrojeni wa nanomita 486.1 huitikia zaidi umri, kwa sababu unafuata joto la nyota ambazo bado hazijavimba. Mistari mitatu ya magnesiamu iliyo kati ya nanomita 516 na 519, pamoja na ile ya chuma iliyo jirani yake, huitikia zaidi wingi wa elementi nzito. Ukiweka kipimo cha hidrojeni kwenye mhimili mmoja na cha chuma na magnesiamu kwenye mwingine, makundi yenye rangi moja hutengana. Bado kuna mitego. Katika makundi ya kale yenye elementi nzito chache, baadhi ya nyota zilizopita hatua ya jitu jekundu huwa za buluu na zenye joto, nazo huikoleza mistari ya hidrojeni hadi kundi la kale lionekane changa. Vilevile nyota changa hung'aa kupita kiasi: zikiwa asilimia moja tu ya tungamo yote, zinaweza kutawala mwanga wa buluu na kuwaficha wazee walio nyuma yake. Ndiyo maana mtaalamu mwangalifu hasemi "galaksi hii ina miaka bilioni 3" bila kueleza ni wastani wa mwanga au wa tungamo, na ukisoma taarifa isiyolieleza hilo, iulize.

Faida nyingine ya spektra, ambayo kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote, ni kwamba hueleza galaksi ilizaa nyota zake kwa haraka au polepole. Magnesiamu hutengenezwa hasa na nyota kubwa, ambazo hulipuka baada ya miaka milioni chache au makumi machache ya milioni. Sehemu kubwa ya chuma hutoka katika milipuko ya aina nyingine, ya mabaki ya nyota za wastani, nayo huchelewa kwa mamia ya mamilioni ya miaka au zaidi. Kwa hiyo galaksi iliyomaliza kuzaa upesi ina nyota zenye magnesiamu nyingi kuliko chuma, maana chuma kilipofika gesi ilikuwa imekwisha. Galaksi kubwa za umbo la yai ziko hivyo.

Kinyume chake tunakiona karibu kabisa na kwetu, katika galaksi ndogo ya Sculptor, ambayo Harlow Shapley aliitangaza mwaka 1938 kutokana na picha zilizopigwa katika kituo cha Boyden, Afrika Kusini. Iko umbali wa miaka ya nuru isiyofikia laki tatu, hivyo majitu yake mekundu hupimwa spektra moja moja, mengi kwa mkupuo kwa nyuzi za kioo zinazopeleka mwanga wa kila nyota kwenye spektrografu, na mistari mitatu ya kalsiamu karibu na nanomita 850, 854 na 866 hutumika kukadiria wingi wa chuma. Imeonekana kwamba huko uwiano wa magnesiamu kwa chuma ulianza kushuka wakati elementi nzito zilikuwa bado chache sana kuliko ilivyokuwa katika Njia Nyeupe, galaksi yetu. Sculptor ilizaa polepole, na gesi yake haikurutubika kabla ya chuma kufika.

*Bwana Mhariri, mimi ni mama ninayefundisha sekondari Katuba. Je, katika galaksi hizo kuna ambazo wanafunzi wangu wanaweza kuziona, na je, kuna kipimo wanachoweza kukifanya wenyewe?* (Mama mwalimu)

Mama, mji wetu una bahati ambayo Ulaya hawana: kutoka hapa tunaona upande wa kaskazini na upande wa kusini pia. Mwishoni mwa Septemba, kabla mvua hazijaanza, muda mfupi baada ya saa sita za usiku, Andromeda hufika juu kabisa ya njia yake upande wa kaskazini, na karibu wakati huohuo Wingu Dogo la Magellan hufanya hivyo upande wa kusini. Wingu Kubwa la Magellan hufika juu kabisa ya njia yake karibu na alfajiri. Chagua usiku usio na mbalamwezi, mkiwa nje ya taa za mji na pamoja na wazazi, na mvumilie moshi wa nyika zinazochomwa msimu huo. Msitarajie rangi, macho huona ukungu mweupe tu. Wingu Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na elementi zake nzito ni karibu nusu ya zile za Jua, na katika Wingu Dogo ni karibu moja ya tano, tofauti ambayo iligunduliwa kwa spektra.

Mwanga wa galaksi hizo ni hafifu mno kwa chombo cha shuleni, lakini misingi yote mnaweza kuipima. Chukueni sanduku la katoni, mlikate ufa mwembamba upande mmoja na kuubana kwa vipande viwili vya wembe, mweke sidii kwa mshazari upande wa pili, na mtoboe tundu la kuchungulia juu yake. Elekezeni ufa kwenye taa ya mirija: mtaona mistari iliyojitenga, wa kijani ukiwa wazi zaidi, nao ni wa zebaki, nanomita 546. Balbu ya LED itawapa utandu wa rangi usiokatika. Kisha punje za chumvi zitupwe katika mwali wa mbabula gizani, na mstari wa njano wa sodiamu utajitokeza. Jua lenyewe lisitazamwe kamwe, hata kwa sanduku hilo. Elekezeni ufa kwenye wingu jeupe la mchana, na ukiwa mwembamba vya kutosha, wanafunzi wenye macho makali wataona katika rangi zake baadhi ya mistari myeusi ya Fraunhofer.